NyaMsiska, Meza Bado Inaningoja

Mwaka umetimia, NyaMsiska, tangu ulipotutoka ukiwa na udongo wa karanga kwenye kucha. Ulikuwa umeinama shambani unang'oa, ukasema kichwa kinakugonga, ukakaa kwenye tuta, na kabla mume wetu Hezron hajafika na baiskeli ulikuwa umekwisha kwenda. Hukutuaga. Wewe uliyekuwa ukiaga hata ukienda kisimani.

Binti yako Tawonga ndiye aliyesema kumbukumbu hii niiandike mimi. "Mama mdogo, sisi wengine tutaandika mistari miwili tuchoke. Wewe maneno hayakuishii. Ila tafadhali, mambo ya ukewenza usiyatie." Nikamwitikia kwa kichwa ili aniache. Lakini habari zako nitaziandikaje bila ukewenza? Mimi ni Fyness NyaLuhanga, binti wa ukoo wa Luhanga, mke wa pili wa mume wako. Kati ya jiko lako na jiko langu palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, basi. Yote niliyoyajua juu yako niliyajua nikiwa upande wangu wa kamba ile. Anayetaka sifa tupu akumbuke zile zilizosomwa siku ya mazishi, zilikuwa nyingi na nzuri.

Nianze na lile ambalo kijiji chetu cha Kapopo kizima kinalijua. Wewe ulitii. Wengine tulisoma Neno, tukaliimba, tukatikisa vichwa mchungaji alipolieleza, kisha tukaenda nyumbani kupika. Wewe ulikaa kizingitini asubuhi kabla ya kufagia, kitabu magotini, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza kidogo. Ukimaliza unafunika, unasema, "Haya, tumeambiwa," halafu unainuka. Ulichoambiwa kilikuwa kimefanyika kabla vyombo vya jana havijaoshwa.

Ile siku uliposoma kwamba mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, nilikuona ukitoka na kitenge chako cha pili kukipeleka kwa NyaChavula aliyeunguliwa na nyumba. Sikushangaa. Kisha ukarudi, ukaingia jikoni, ukatoka na sufuria. Hapo Hezron akaruka kutoka kwenye kigoda chake.

"Imeandikwa nguo! Sufuria imetajwa wapi?"

"Naye hana sufuria, baba Tawonga."

"Kwa hiyo kesho utatoa ng'ombe?"

"Ng'ombe tunaye mmoja."

Hezron alinigeukia mimi, kana kwamba ningemsaidia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaingia ndani, nikazitazama sufuria zangu, nikazisukuma uvunguni mwa kitanda. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa na jina lako mdomoni, na mimi nilipika sima nikiwa nimevimba.

Watu hudhani wivu wa wake wenza ni wa mume. Wa mume ulikuwepo, siwezi kukataa, lakini kwa mume nilikuwa na zamu zangu, na ukweli ni kwamba siku za zamu yako nililala vizuri zaidi maana Hezron anakoroma. Wivu wangu ulianza mahali pengine, na ulianza siku ya kwanza.

Nililetwa nyumbani kwako na shangazi zake Hezron, waliokuwa wakisema umezaa wawili ukanyamaza, na ukoo wa Gondwe hauwezi kutegemea wawili. Nilikuja nimejiandaa kwa matusi. Shangazi yangu alikuwa amenifundisha hata majibu. Nikakukuta umechemsha maji ya kuoga na umechinja kuku. Tulipoketi kula, firigisi, ambayo kwetu ni ya baba mwenye nyumba na hakuna mtu mwenye akili anayeigusa, uliitoa kwenye bakuli ukaiweka kwenye sahani yangu.

Hezron akaitazama firigisi. Akakutazama wewe. Akanitazama mimi.

"Tumeambiwa mgeni apokewe kama Bwana mwenyewe," ulisema. "Kula, mwanangu, kabla haijapoa."

Niliila yote, Hezron akiisindikiza kwa macho. Majibu yote ya shangazi yangu yalikaa tumboni bila kazi. Ningejua la kufanya na mke mkubwa mkali. Na wewe sikujua nifanye nini, na tangu siku ile sikuwahi kujua.

Tuligombana, tena sana. Tuligombana juu ya kuku wangu waliokula mbegu zako, juu ya kuni, juu ya Suzgo wako aliyempiga Lusungu wangu, juu ya baiskeli. Mimi nina mdomo, wewe ulikuwa na ule utulivu wako unaokera kuliko mdomo. Lakini hukuniachia hata usiku mmoja wa kununa. Jua likianza kushuka nyuma ya kilima nakuona huyo, unavuka na kitambaa chako kichwani, unakuja mlangoni kwangu.

"NyaLuhanga, jua linakuchwa."

"Naliona. Nina macho."

"Tumeambiwa lisituchwee na hasira."

"Wewe ndiye uliyeambiwa. Mimi niache mpaka kesho mchana."

"Basi nitakaa hapa."

Na unakaa! Unakaa kizingitini kwangu kama mdai, huku jua linazama na watu wanapita wanatuona, mpaka nasema yaishe kwa sababu nataka kufunga mlango. Kuna mtu anajua inavyouma kunyang'anywa hasira yako mwenyewe ikiwa bado ya moto? Nilikuwa naonea wivu hata wanawake wa kijiji cha pili wanaonuniana mwezi mzima, wanapishana njiani bila kusalimiana, raha mustarehe.

Kisha ulipojua kwamba imeandikwa adui akiwa na njaa alishwe, na kwamba kufanya hivyo ni kumrundikia makaa ya moto kichwani, ukawa kila tukigombana unaniletea bakuli. Nikalipokea mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu nikakuuliza mlangoni, "NyaMsiska, haya ni maharage au ni makaa?"

Ulicheka mpaka bakuli likakutoka mkononi. Tukaokota maharage pamoja, kuku wangu wakitusaidia. Ile ni siku mojawapo ninayoikumbuka nikiwa peke yangu, nacheka, halafu nakasirika kwamba siwezi kukwambia.

Sasa niseme lile lenyewe.

Kanisani kwetu, tangu enzi za babu zetu, mume mwenye wake wawili hakai kwenye Meza ya Bwana. Mke wake wa kwanza anakaa, kwa sababu yeye aliolewa akiwa peke yake na hakumkosea mtu. Mke wa pili hakai. Anaruhusiwa kusikiliza mahubiri, anaruhusiwa kutoa sadaka, anaruhusiwa kufagia uwanja na kumwagia maua maji. Mkate ukiletwa anatoka nje. Hivyo ndivyo nilivyoishi Kapopo, NyaMsiska. Siku ya Meza ulivaa blauzi yako nyeupe, sketi nyeusi na kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama, ukaketi benchi la mbele, na mimi na wenzangu wake wadogo tukasimama upenuni tukisikiliza nyimbo kupitia dirishani. Mvua ikinyesha tulijibana ukutani. Hezron alikuwa haji kabisa, alisema hawezi kwenda karamuni asikoalikwa.

Mbaya zaidi, wewe ndiye uliyekuwa unafua kitambaa cha Meza. Ulikifua kwa sabuni ya kipande, ukakianika kwenye kamba yetu, kimenyooka, cheupe mpaka macho yanauma. Na nani alikuwa anafukuza kuku wasikirukie? Mimi. Nilikaa na fimbo nikikilinda kitambaa cha meza nisiyoalikwa. Nilikitamani, dada yangu. Nilikuonea kijicho ambacho sikuwahi kukuonea kwa ajili ya Hezron. Wewe ulipewa mkate mkononi na ukaambiwa huu ni kwa ajili yako. Mimi sikuwahi kuambiwa na mtu kwamba kitu fulani ni kwa ajili yangu.

Ukafika mwaka Hezron alipougua kifua, akapona, akasema anataka kurudi kanisani kabla hajafa. Baraza la wazee likamwita. Lilimwambia lile lile linaloambiwa wote: abaki na mke mmoja, yule wa kwanza, na huyu mwingine arudishwe kwao na wanawe watunzwe. Huyu mwingine nilikuwa mimi, nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mwanangu Mwiza akiwa bado ananyonya.

Nilijua imekwisha. Wewe ulikuwa mtu wa kutii, na wazee walikuwa wamesema. Nilishaanza kufikiri nguo zipi nitachukua.

Ukaomba kusema. Mzee Mkandawire, aliyekuwa anaongoza, akakuruhusu huku anatabasamu, maana alidhani utashukuru.

"Mimi nimesoma," ulisema, "kwa nabii wa mwisho wa Agano la Kale, kwamba Mungu anachukia kuachana. Hakusema anachukia kuachana na mke wa kwanza tu."

"Mama, na mtume naye amesema mtu awe mume wa mke mmoja."

"Amesema hivyo juu ya askofu. Hezron haombi uaskofu."

Wanawake nyuma wakakohoa ili wasicheke. Hezron mwenyewe akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mzee Mkandawire hakucheka.

"NyaMsiska, sheria ya kanisa unaijua. Sisi hatukuitunga. Amwache huyu aingie, au akae naye abaki nje. Chagueni."

Ukanitazama. Ukamtazama mume wako, aliyekuwa ametoka kuugua na macho yake yamejaa. Ninajua ulimpenda kuliko nilivyompenda mimi. Ninajua ulitaka akae benchi lile pamoja nawe, ulikuwa unaliombea kila siku, nilikuwa nakusikia kupitia ukutani.

"Basi abaki nje," ukasema. "Na huyu abaki nyumbani."

Tulirudi tukiwa watatu. Ulipofika ukashika jembe ukaenda shambani. Sikukushukuru. Ningesemaje? Ulikuwa umenipa nyumba yangu mwenyewe kama ulivyompa NyaChavula sufuria, na mimi sikuwa na kitu chochote duniani ambacho wewe ulikihitaji. Hilo lilinikata maini kuliko ningefukuzwa. Aliyefukuzwa walau ana mtu wa kumlaani.

Baadaye nikakuomba kitu. Unakumbuka. Mara moja tu, katika miaka yote. Ulikuwa unakikamua kitambaa cha Meza, mimi nimeshika upande wa pili, tunakizungusha maji yatoke.

Nikasema, "Jumapili mkate ukija, ufumbe chembe moja mkononi. Uniletee."

Uliacha kuzungusha.

"NyaLuhanga, sufuria ilikuwa yangu. Kitenge kilikuwa changu. Ule mkate si wangu."

"Chembe tu. Nani ataona?"

"Nimeambiwa nile. Sikuambiwa nifiche."

"Kwa hiyo mimi nife sijauonja?"

"Sijui. Mimi sijui, mdogo wangu. Hilo sikuambiwa."

Ulilia, ukafuta uso kwa kitambaa kile kile, ikabidi tukifue upya. Na Jumapili ukaenda, ukaketi, ukala. Mimi nikapika usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikautia chumvi mpaka watoto wakautema. Wewe ambaye hukumnyima mtu kitu ulininyima mimi kitu kimoja, kwa sababu ya utii ule ule uliokufanya unipe vingine vyote. Nilikaa na donge hilo. Jua lilikuchwa nalo. Ulikuja mlangoni, nikakwambia sina hasira, na kweli haikuwa hasira, lilikuwa jambo lisilo na jina, kwa hiyo hukuweza kuliondoa.

Kisha ukafa.

Nilikulilia, na waliokuwepo ni mashahidi. Mimi ndiye niliyekuosha. Nilikuvika blauzi yako nyeupe. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba mke mdogo analia ili aonekane, nikamgeukia nikamwambia atoke chumbani kabla sijasahau kwamba tuko msibani, akatoka.

Matanga yalipoanuliwa, Mzee Mkandawire akaja na wenzake wawili. Tuliwapa togwa. Wakanywa, wakasifia, kisha mzee akasema walilojia. Hezron sasa ana mke mmoja. Mwaka wa msiba ukikaribia kwisha tutabarikiwa ndoa, na Meza itakayofuata tutaketi wote wawili.

"Tunamshukuru Mungu," alisema. "Kizuizi kimeondoka."

Aliongea kwa wema, simlaumu, amezeeka na anatupenda. Lakini togwa ilinigeukia shubiri mdomoni. Kizuizi ni nani? Ni wewe?

Walikwenda zao na mimi nikaanza kusubiri. Sitajifanya, NyaMsiska, nilifurahi. Nilikuwa nimekitaka kiti kile tangu nikiwa msichana. Tawonga alikuja kutoka mjini Mzuzu na kitambaa kipya, akanishonea blauzi, akaifua akaipiga pasi ya mkaa. Umoja wa akina mama wakanipokea kwa vigelegele. Ijumaa tulibarikiwa, Hezron amevaa koti la Suzgo, anacheka cheka kama kijana. Jumamosi jioni, kama desturi, mzee wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba kuwauliza washiriki kama wako tayari kwa Meza ya kesho. Mzee wa mtaa wetu ni Mkandawire huyo huyo. Akaketi kwenye kigoda, akamuuliza Hezron kama ana neno na mtu yeyote. Hezron akasema hana. Akanigeukia.

"Na wewe mama? Una neno na mtu?"

"Ninalo."

Alikuwa ameshaanza kuinuka. Akakaa tena. "Na nani?"

"Na NyaMsiska."

"NyaMsiska yupi?"

"Yupo mwingine?"

Akavua kofia, akaivaa. "Mama, marehemu hana kesi na mtu."

"Yeye hana. Mimi ndiye ninayo. Kila kitu nilicho nacho alinipa yeye. Nyumba alinipa yeye. Mume aliniachia. Nilimwomba kimoja tu akaninyima. Na sasa hicho nacho mnanipa kwa sababu amekufa, kwa hiyo hata hicho kimetoka kwake. Nilitaka tukae benchi moja, mzee. Mimi na yeye, wote tumevaa nyeupe, watu watuone. Sasa mnanikalisha kwenye nafasi yake kama nguo ya mitumba."

"Mama, alikufa kwa presha. Hakufa ili akupe kiti."

"Najua alichokufia. Nakwambia lililo moyoni."

"Basi samehe, yaishe."

"Nimejaribu. Bado."

"Jaribu sasa. Nakusubiri."

Akasubiri kweli, mikono magotini. Nami nikajaribu, nikiwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua lilikuwa bado lipo.

Hezron akaja juu. "Mwanamke, sema umesamehe! Nani atakufungua kifua aangalie?"

"Tumeambiwa ukienda kutoa kitu chako mbele za Mungu, na ukakumbuka kuna neno kati yako na mwenzako, ukiache hapo kwanza, ukapatane. Haikuandikwa useme umepatana. Imeandikwa upatane."

"Mwenzako mwenyewe amekufa!"

"Ndiyo maana ni kazi."

Tawonga alikuwa mlangoni na ile blauzi kwenye kining'inizo. Alikuwa analia. "Mama mdogo, umesubiri miaka yote hii. Sasa wamekufungulia, unajifungia mwenyewe? Mama angekwambia uingie!"

"Mama yako angefanya lililoandikwa kwanza. Unamjua."

Alifuta machozi kwa kiganja. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo unamuonea wivu hata sasa? Hata yuko kaburini?"

"Ndiyo," nikasema. Ungetaka nimdanganye binti yako?

Mzee Mkandawire aliinuka kwa shida, akanishika bega. Alisema anaweza kuandika kwamba nilikuwa mgonjwa. Nikamwambia asiandike hivyo, mimi ni mzima. Hezron akauliza kama yeye anaweza kwenda bila mimi. Mzee akasema yeye hana neno na mtu, aje.

Jumapili iliyopita, basi, Hezron aliingia peke yake. Nilimfunga tai, maana hajui. Mimi nilivaa nguo zangu za kila siku, nikasikiliza mahubiri, na mkate ulipoletwa nikainuka nikatoka. Kanisa lote liligeuka. Nilipita katikati ya macho yale nikasimama upenuni, mahali pangu pa siku zote, ambapo chokaa imekwisha ukutani kwa migongo yetu.

NyaZimba, mke mdogo wa fundi baiskeli, alinitumbulia macho. "Wewe si ulikuwa unaingia leo? Wamekukataa?"

"Hawakunikataa. Nimejizuia mwenyewe."

"Una wazimu."

"Sogea, unaniziba dirisha."

Niliona kila kitu. Nilimwona Hezron akiupokea mkate kwa mikono miwili, mikono ile mikubwa ya tumbaku, akauangalia kama mtu aliyepewa kifaranga ashike. Alipokula mabega yake yalianza kutetemeka. Alikuwa amekaa benchi lako. Upande wake wa kulia palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeiacha kwa miguu yangu mwenyewe, bila kusukumwa na mzee wala sheria ya kanisa. Miguu iliniuma kwa kutaka kukimbilia ndani. Nilishika dirisha. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu namna ile, wala sijawahi kujizuia kitu nilichokitaka.

Na hapo, NyaMsiska, nikiwa nimeshika dirisha na machozi yananitoka, nilishtuka kwamba nacheka. Kwa sababu ulitii katika sufuria na kitenge na maharage, ulitii ukampoteza mume wako benchini, yote nakupa. Lakini Meza hukuikosa hata siku moja. Hukuwahi kuambiwa na Neno utoke nje, kwa hiyo hukuwahi kujua kama ungetoka. Mimi nimeambiwa, nimetoka. Katika hili nimekuzidi. Katika hili moja, wewe ndiye ungepaswa kunionea mimi wivu.

Niligeuka nimtafute mtu wa kumwambia. NyaZimba aliniona mwendawazimu. Hezron alikuwa analia ndani. Tawonga, aliyekuwa ameshaniomba niandike haya, amenikasirikia mpaka leo. Mtu pekee Kapopo nzima ambaye angejua ni kitu gani nimefanya, ambaye angesimama mbele yangu mikono kiunoni na kusema, "Eee, NyaLuhanga, hilo ni zito," ni wewe, na hupo. Nililia basi, nililia kwa sauti kuliko siku ya mazishi.

Meza nyingine ni baada ya mavuno ya tumbaku. Nitakuwa nimemaliza na wewe au sitakuwa nimemaliza, sijui, naendelea. Blauzi ninaitunza.

Wanaokukumbuka ni mume wako Hezron Gondwe, ambaye siku hizi anasoma kizingitini asubuhi na kidole chini ya mstari. Watoto wako Tawonga na Suzgo na wajukuu. Watoto wetu Lusungu na Mwiza, ambao hawajawahi kukuita jina lingine isipokuwa mama. NyaChavula, ambaye sufuria yako bado inapika kwake. Umoja wa akina mama wa Kapopo. Na Fyness NyaLuhanga, mke mwenzako, ambaye ana mengi ya kukwambia.

Siku zote za maisha yetu hutatutoka moyoni.